Pengo la Mama wa Maziwa

Nimekata uzi kwa meno tangu nilipojifunza kushona. Mkasi nilikuwa nao, unaning'inia shingoni kwa kamba, lakini mkasi una mlolongo: uushike, uufungue, ukate, uuachie. Meno yapo tayari. Unamaliza pindo, unainama, unauma, umemaliza. Pale Mikumi, kwenye kibaraza changu kando ya barabara kuu, niliuma uzi asubuhi hadi jioni, na pini nazo nilizibana kwa meno hayohayo ya mbele huku nikimpima mteja kiuno. Mteja akiuliza nguo itakuwa tayari lini, naguna tu.

Kwa hiyo meno mawili ya katikati, ya chini, yalipoanza kucheza, sikuwa na wa kumlaumu. Nikamlaumu baba.

Nina sababu zangu. Kaka yangu na mdogo wangu wa kiume baba aliwasomesha mpaka wakaishia maofisini, mkubwa Dar es Salaam, mdogo Morogoro. Mimi nilipomaliza darasa la saba aliniletea cherehani ya kukanyaga, akaiweka katikati ya nyumba, akasema, "Wewe utashona." Hakuniuliza. Nikashona. Nilishona nikaolewa, nikashona nikazaa, nikashona nikafiwa na mume. Baba alipoanza kupotea kwenye njia anazozijua, akawa anavaa shati juu ya koti na kuuliza nyumbani kwake ni wapi huku amekaa kitandani kwake, ndugu zangu walifanya kikao kwenye simu wakaona mwenye nafasi ni mimi. Cherehani si ofisi. Nikafunga kibaraza, nikapanda gari kwenda Kilosa, nikahamia Mabwerebwere kwenye nyumba yake. Meno yalinikuta huko.

Kumuuguza baba yangu ilikuwa kazi ya kutukanwa. Alinijua, hilo lazima niliseme. Wengine aliwasahau. Mchungaji alimsahau, na alisahau kwamba mama yangu ni marehemu, akawa anamwagiza chai. Lakini mimi alinijua kila asubuhi, na kila asubuhi hakufurahi. Kofia akiificha mwenyewe chini ya mto, mwizi ni mimi. Uji nikiuleta, nimeutia sumu. Matusi yote aliyatoa kwa lugha ya kwetu ya milimani, ile ya nyumbani, na lugha ile haina haya inapotukana. Nilikuwa naingia na bakuli nikitoka nalo limejaa vilevile. Alikonda mpaka saa yake ya mkononi ikawa inapanda hadi kwenye kiwiko.

Nilichokuwa nakitaka kilikuwa kidogo, na sioni haya kukiandika. Nilitaka ale kutoka mkononi mwangu. Na kabla hajaondoka kabisa, nilitaka aniambie ahsante. Umri wangu wote sikuwahi kuisikia kutoka kwake. Na si kwamba neno lenyewe alikuwa halijui, maana nimemsikia akimwambia hata fundi baiskeli.

Ukiwa na mgonjwa ndani, jino lako linasubiri. Nilisubiri mpaka nikawa siwezi kuuma hata chapati iliyolowa kwenye chai. Siku hiyo nilimwomba jirani, mama mmoja mwenye moyo mzuri na mdomo usiofungwa, akae na mzee, nikaenda mjini kwa daktari wa meno.

Alikuwa kijana mwenye mikono mipana na furaha nyingi kuliko inavyohitajika kwa kazi ile. Akayatikisa kwa kidole.

"Mama, haya hayatibiki. Yameshikiliwa na nyama tu. Ulikuwa unafungulia soda?"

"Nakatia uzi."

"Meno si mkasi, mama yangu."

Alinichoma sindano ya ganzi, mdomo wa chini ukawa mzito kama wa kuazima. Nilijiandaa kwa vita. Nilishika kiti, nikafumba macho, nikamkumbuka Mungu. Hakukuwa na vita yoyote. Koleo likagusa, likavuta, jino likawa limetoka, na la pili hivyohivyo, na mimi niliona uchungu zaidi kwa sababu hiyo: meno yangu yaliniacha bila hata kubishana. Yalilala kwenye kisahani, madogo, ya njano, na kila moja lilikuwa na kijimfereji juu, pale uzi ulipopita miaka yote. Daktari akayainua kwenye mwanga, akayatazama, akayatupa kwenye ndoo.

Akanijaza pamba, akasema nisisukutue mpaka kesho, nisinywe cha moto. Kisha akarudi nyuma kidogo, akaniangalia: mrefu, mwembamba, kichwa kimenyolewa kwa sababu ya joto. Akacheka.

"Sasa ukipita stendi watakusalimia Kimasai."

Nilikuwa na la kumjibu lakini nilikuwa na pamba.

Kwetu Kilosa kila mtu anajua maana ya pengo la mahali hapo. Wamasai wanaofuga kule mbugani walikuwa wakiwang'oa watoto wao meno mawili ya katikati ya chini, ili mtu akiugua taya zikabana, apate pa kupitishiwa maziwa na dawa. Siku hizi vijana wao wengi hawataki tena, lakini akina mama wa umri wangu wanalo pengo hilo na hawalifichi. Sisi wakulima wa milimani hatuna mila ya kung'oana. Tunangoja yaoze.

Jirani alinipokea mlangoni. Nilifungua mdomo nimwonyeshe, akajifunika uso kwa kanga akicheka mpaka akakaa chini. "Pole, jamani. Pole. Lakini umependeza. Ng'ombe wako uliwaacha wapi?" Nikacheka na mimi, damu ikanitoka pembeni. Utani wa jirani haukuniuma. Kilichoniuma nilikikuta gulioni juma lililofuata.

Nilisimama kwa muuza nyanya ambaye hakuwa ananijua. Nikauliza bei. Akanitazama mdomoni, kisha mkononi, na tangu hapo macho yake hayakutoka mkononi. "Yeyo, usishikeshike," akasema. Yeyo ni neno la Kimasai, maana yake mama, na linaweza kusemwa kwa heshima. Yeye alilisema kama anayefukuza kuku. Mwenzake wa meza ya pili akaongeza kwamba hawa wakipita na ng'ombe huko mashambani, nyanya ndiyo hizi unaziona zimepanda bei. Walizungumza mbele yangu kama sisikii.

Nikawaambia, tena kwa sauti, kwamba mimi ni mtoto wa hapahapa, babu yangu kazikwa hapa, kanisa langu ni lile pale, na meno yangu kang'oa daktari. Kijana akabadilika uso. "Samahani mama, shikamoo. Nilidhani…" Nikamwuliza alidhani nini. Akanichagulia nyanya nzuri, ngumu, moja moja, akaniongezea na mbili juu. Nilizibeba zile nyanya hadi nyumbani na sikuzila kwa raha. Mama wa Kimasai aliyekuwa amesimama nyuma yangu alipewa zilizobaki.

Uvimbe ulipopungua nilianza kuongea vizuri, ila ulimi ulikuwa haukai. Kila saa unakwenda pale, unachungulia, unarudi. Na nikawa na tabia ya kufunga mdomo ninapokuwa na watu, kiasi kwamba mbele ya baba sikuwa nimeufungua kwa siku kadhaa. Naye hakuuliza. Alikuwa hali, hasemi, amegeukia ukutani.

Asubuhi moja nilichemsha maziwa. Niliyanunua kwa akina mama wa Kimasai wanaokaa na madumu karibu na stendi, kwa sababu jirani alisema pengine maziwa matupu hatayaogopa. Niliingia na kikombe nimejitanda kanga nyekundu, mlango uko wazi nyuma yangu, jua linaingia. Moto ulikuwa umenibabua kidole, na nilipomfikia nikaachama nikipuliza pumzi ya maumivu.

Baba aligeuka. Akatazama mdomo wangu. Akajiinua kwa viwiko, mtu aliyekuwa hajakaa mwenyewe kwa muda mrefu, akashusha miguu chini, akavuta shati likae sawa.

"Takwenya," akasema.

Nilibaki na kikombe mkononi. Hiyo ndiyo salamu anayopewa mwanamke wa Kimasai, na jibu lake nilikuwa nalijua tangu utoto. Likanitoka lenyewe. "Iko," nikajibu.

"Leo umechelewa, mama," akasema kwa Kiswahili, Kiswahili safi cha shuleni, cha adabu, ambacho nyumbani hakukitumia. "Ng'ombe hawajambo?"

"Hawajambo."

"Na watoto?"

"Hawajambo."

Akapokea kikombe kwa mikono miwili. Akanywa chote, taratibu, koo likipanda na kushuka. Alipomaliza akakifuta kwa kiganja, akanirudishia. "Ahsante sana," akasema. "Mungu akubariki na mifugo yako."

Nilitoka nikaenda kukaa jikoni kwenye kigoda. Nililia, ndiyo, lakini si kwa furaha. Lile neno lilikuwa limenipitia kwenda kwa mtu mwingine.

Mtu huyo nilimjua mara moja. Nilipokuwa mtoto tuliishi Kidete, shamba letu likiwa bondeni karibu na mto Mkondoa, na mama alipomzaa mdogo wangu wa kiume, huyu wa Morogoro, aliugua, matiti yakakauka. Mama mmoja wa Kimasai alikuwa anapita kila asubuhi na kibuyu cha maziwa. Hakuna aliyemwita. Alisikia mtoto analia, akasimama. Tangu siku hiyo akawa anakuja kabla jua halijapanda, anasimama nje, na baba ndiye aliyempokea maana mama alikuwa hainuki. Wanasalimiana kwa Kimasai, wanaulizana ng'ombe, wanaulizana mahindi. Baba alikuwa anampa viazi na ndizi za kurudi nazo. Ninamkumbuka baba wa wakati ule kama mtu mwingine, mtu anayecheka mlangoni. Yule mama aliwahi kuniinamia akanionyesha pengo lake, akachomoza ncha ya ulimi hapo katikati, nikakimbia nikicheka. Mdogo wangu alinenepa kwa maziwa yale mpaka mashavu yakamziba macho.

Kisha mwaka mmoja ng'ombe waliingia kwenye mahindi ya watu kule bondeni. Hawakuwa wa yule mama, au pengine walikuwa, hakuna aliyejua. Wanaume wa kijiji wakafanya mkutano, wakakubaliana kwamba hakuna kupokea wala kuuza chochote kwa wafugaji, na kwa kuwa baba alikuwa anajua kusema mbele za watu, wakamchagua awe msemaji wao. Kesho yake yule mama akaja kama kawaida. Majirani walikuwa wamesimama kwenye vibaraza vyao wakiangalia atafanya nini. Baba alitoka, hakumsalimia, akachukua kile kibuyu mkononi mwake, akamwaga maziwa yote uani, kwenye vumbi, mbele ya macho ya watu. Kuku wakaja. Yule mama aliinama akakiokota kibuyu pale kilipoangukia, akakifuta mdomo kwa shuka lake, akaondoka. Hakurudi tena. Ndani, mama alikuwa amemkumbatia mdogo wangu akitazama ukuta.

Baba hakulizungumzia jambo hilo hata siku moja. Alizungumzia Wamasai kwa ujumla, kila msimu, kwa laana. Na kicheko cha mlangoni kilikwisha.

Basi nikawa mama wa maziwa. Sikupanga. Kila asubuhi nilizunguka nyuma ya nyumba nikapiga hodi mlango wa uani, "Takwenya," "Iko," na mzee akanywa. Siku zikapita nikawa mjanja: nikachanganya uji mwepesi kwenye maziwa, baadaye yai, baadaye ndizi niliyoiponda. Alikuwa anasema, "Maziwa yako ya leo mazito, mama. Malisho mazuri." Akarudisha nyama kidogo mashavuni. Alinisimulia mambo ambayo mwanaye hakuwahi kusimuliwa: jinsi alivyomwona mama yangu mara ya kwanza kanisani akiimba huku anasinzia, jinsi alivyoogopa mto ukifurika, jinsi alivyokuwa hajui kuogelea na hakumwambia mtu. Alikuwa mpole. Alikuwa mchangamfu. Nilikaa kwenye mkeka pale chini nikimchukia kwa kila neno zuri aliloniambia.

Maana akiisha kupumzika, nikiingia kufua na kufagia bila kufungua mdomo, alinijua. "Mwizi amekuja," anasema kwa lugha ya kwetu, na kofia inakwenda chini ya mto.

Mdogo wangu alipiga simu ya video kumsalimia mzee, akaniona. Hakuanza na mzee. "Dada, hayo meno vipi?" Nikamwambia. Akakunja uso. Binti yake alikuwa anaolewa muda si mrefu, na mimi shangazi nilitakiwa kukaa meza ya mbele. "Hutakaa mbele ya wakwe na hilo pengo. Watauliza sisi ni watu gani." Hela ya dawa za baba huwa inangoja mwisho wa mwezi. Ya meno ilifika siku hiyohiyo. Nilitaka kumwuliza kama anajua alinenepeshwa na pengo la nani, lakini alikuwa mchanga wakati ule, na wazazi hawakumwambia, na mimi nilikuwa nimechoka. Nikaenda Morogoro. Nikang'atishwa kitu kama uji wa baridi unaogandia mdomoni, nikarudi tena siku nyingine kuchukua: kipande cha plastiki chenye rangi ya ufizi na meno mawili meupe mno, ya msichana. Nilipojitazama kwenye kioo nilifurahi, siwezi kudanganya. Nilirudi kuwa mtu wa kwetu. Gulioni yule kijana wa nyanya alinipa shikamoo kabla sijafika mezani kwake.

Asubuhi iliyofuata niliingia kwa baba na kikombe kilekile, kanga ileile, meno mdomoni. Nilikuwa nimejiambia kwamba sasa amekwisha kuzoea mkono wangu, hatajali mdomo. Akanitazama. "Umeweka nini humo?" akauliza kwa lugha ya kwetu, na akakisukuma kikombe, maziwa yakanimwagikia kifuani. Mchana vilevile. Kesho yake vilevile. Jirani alikuja akaona mabakuli yamejaa, akaniona na meno yangu, akaniangalia bila utani wowote. "Yatoe," akasema. "Utamuua mzee kwa uzuri."

Nikazunguka nyuma ya nyumba, karibu na bafu, nikayatoa. Nikayafunga kwenye pindo la kanga. Nikapiga hodi.

"Takwenya," akasema baba, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyesamehewa. "Nilidhani hutakuja tena, mama."

Tukaishi hivyo. Meno kwa watu, pengo kwa baba. Harusini nilikaa meza ya mbele, nikacheka kwenye picha zote. Niliporudi nikayafunga kwenye kanga kabla ya kufika mlangoni.

Sikupaswa kumwuliza. Ningeweza kuendelea kupokea ahsante za mtu mwingine mpaka mwisho, na pengine mwanamke mwenye hekima kuliko mimi angetosheka. Lakini jioni moja alikuwa ameshiba, ametulia, anatazama uani, na mimi mgongo ulikuwa unaniuma kwa kumwinua siku nzima. Ikanitoka.

"Mzee, una watoto?"

"Ninao," akasema. Akainua vidole viwili. "Vijana wawili. Mmoja Dar es Salaam, mmoja Morogoro. Wananitunza sana. Hata haya maziwa, wao ndio wanaokulipa."

"Binti huna?"

Alifikiri. Nilimwona akifikiri, paji la uso likikunjika, na moyo wangu ukawa unadunda mpaka kwenye ufizi.

"Yupo mmoja," akasema. "Anashona."

"Anakuja kukuona?"

"Haji," akasema baba. "Yule haji."

Hasira ilinipanda mpaka masikio yakaziba. Mashuka yake yalikuwa kwenye kamba pale nje, nimeyafua mimi. Shati alilovaa nililishona mimi. Nikageuka nikampa mgongo, nikafungua pindo la kanga, nikaweka meno mdomoni, nikamgeukia. Nikamwambia kwa lugha ya kwetu, "Shikamoo, baba. Ni mimi. Nipo hapa. Nipo hapa siku zote, ni mimi peke yangu niliyepo."

Alinitazama mdomo. Akakivuta kikombe kikagusana na kifua chake. Kisha akatazama nyuma yangu, mlango wa uani, na mkeka pale chini ambao hauna mtu.

"Yuko wapi yule mama?"

Nikafunika mdomo kwa kanga.

"Umemfukuza," akasema. Hakupaza sauti. Hakunitukana. Aliniangalia usoni sawasawa, kama hajawahi kuniangalia tangu nizaliwe, na alinijua, alinijua kabisa, hakukuwa na ugonjwa wowote katika macho yale. "Umemfukuza kama nilivyomfukuza mimi. Kweli wewe ni mtoto wangu."

Akaanza kulia. Wanaume wa kwetu hawalii, na baba hakulia hata tulipomzika mama. Alilia amekumbatia kikombe kitupu, akiuita mlango, "Yeyo. Yeyo."

Nilitoka. Nikazunguka nyuma ya nyumba mpaka pale karibu na bafu. Plastiki ilikuwa imeng'ang'ania. Ilipotoka niliifunga kwenye pindo la kanga, nikafuta uso, nikajitanda. Ndani alikuwa bado anamwita yule mama.

Nikapiga hodi. Akaita tena, "Yeyo," nikaitika mimi.